Bahasha ya Sabini na Nne

Porth Elain, pwani ya Wales, ina nyumba mia na themanini.
Januari, saa kumi na moja jioni, giza limeshatanda,
nilihesabu madirisha yenye taa: arobaini na moja.
Kanisa siku hizi ni nyumba ya likizo,
wameweka bwawa dogo la maji moto
pale alipobatizwa shangazi Heulwen.
Posta inauza mishumaa yenye harufu ya bahari
kwa watu waliokuja kunusa bahari.
Shule ina watoto sita. Wawili ni wa mwalimu.

Kiangazi nawafulia mashuka.
Namba za visanduku vyao vya funguo nazijua kwa moyo:
moja tisa sita sita, huyo anapenda mpira;
sifuri nne sifuri nane, siku aliyozaliwa mbwa wao.
Baridi ikiingia napata kibarua halmashauri,
muhuri, bahasha, kiti kinacholia kama bata.

Madiwani walipopiga kura
kwamba nyumba ya pili italipa kodi mara mbili,
na mwaka wa kesho mara mbili na nusu,
nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Sisi tulingoja miaka arobaini,
na jembe lenyewe likaja likiwa karatasi.

Nikazikunja bili. Nilizikunja kwa raha,
kama shuka la mwisho la msimu.
Ya kumi na tisa ilikuwa ya Bwana Prendergast wa Birmingham,
yule aliyetuandikia kwa wino, kurasa tatu:
kwamba majivu ya mkewe yako huko juu mwambani,
kwamba yeye si tajiri, alikuwa fundi wa saa,
kwamba aliinunua nyumba wakati haitakiwi na mtu,
paa limebonyea, kondoo wanalala jikoni.
Ni kweli.
Kondoo walikuwa wa babu yangu.
Na aliyemuuzia ni babu yangu,
akanunua trekta, akalisifia mpaka kufa.
Nikakunja, nikalamba gundi, nikaendelea.

Ya sabini na nne niliisoma anwani mara mbili.
Tŷ Pella. Nyumba ya mwisho, ukipita zizi.
Jina la mama,
na chini yake, kwa herufi za mashine: marehemu, kwa warithi.

Miezi kumi na minne. Koti lake bado liko nyuma ya mlango,
mfukoni mna peremende na risiti ya maziwa.
Mimi nimepanga chumba juu ya duka la chipsi,
mwendo wa dakika tano tu. Nilijaribu kulala kule
usiku mmoja.
Kaka yangu Meurig yuko Cardiff, ana mapacha na madeni;
kila nikimtajia kuuza, ananiuliza hali ya hewa.
Kompyuta ya halmashauri haijui matanga.
Inajua kitanda kisicholaliwa.

Mkuki ule,
ulikuwa mtamu kweli ulipokuwa kwa nguruwe.

Delyth wa meza ya pili aliuona mkono wangu umesimama.
"Kuna nini?"
"Karatasi imenikata," nikasema, nikanyonya kidole
kisicho na jeraha.
Sikuichana. Sikuificha. Sheria ni nzuri,
hata sasa ningeipigia makofi,
ila ningepiga polepole.

Jioni nikapanda kilima, bili mkononi,
tarishi wa nyumba yetu wenyewe, stempu imeokolewa.
Nikawasha taa ya jikoni. Birika. Kiti chake.
Mvua ikija kwa ubavu, kama ada yake.
Kule chini, kama kuna mwingine anayehesabu madirisha,
ameandika arobaini na mbili,
labda amefurahi.

Saa nne nikaizima,
nikateremka kwenda kulala.